Swichi ya Kukata Betri ya Gari: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe

Gari lililoegeshwa kwa majuma kadhaa huendelea kula umeme kidogo kidogo kwa ajili ya saa, kengele ya wizi na kompyuta ya injini. Miliampea 50, kiasi ambacho ni cha kawaida, hufika ampea-saa 36 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) katika siku 30, yaani zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 70. Swichi ya kukata betri huzuia hasara hiyo, mradi iweze kubeba umeme wa stata, yaani mota ya kuwasha injini, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa husoma namba kubwa iliyo kwenye pakiti bila kuuliza ni ya muda gani.

Swichi iliyotengenezwa kwa uangalifu huonyesha umeme inaoweza kubeba mfululizo, kwa dakika chache, na kwa sekunde za kuwasha injini. Ile iliyoandikwa ampea 500 peke yake yaweza kuwa ni 500 kwa sekunde tano na 100 tu mfululizo. Stata ya gari dogo la petroli huvuta takriban ampea 100 hadi 200, ilhali ya dizeli kubwa huweza kupita 300, hasa asubuhi ya baridi. Hakikisha pia kwamba volti zilizoandikwa zinalingana na gari lako, 12 au 24. Swichi ya umeme wa nyumbani haifai hata kidogo, kwa sababu cheche ya umeme wa betri haijizimi yenyewe upesi, na huyeyusha midomo ya swichi, yaani sehemu zake zinazogusana.

Ya kwanza kwangu ni swichi ya kuzungusha ya aina inayotumika kwenye boti, iliyofungwa kuzuia maji na vumbi. Blue Sea m-Series 6006, kwa mfano, hubeba ampea 300 mfululizo, 500 kwa dakika tano na 900 kwa sekunde 30. Bei yake ni ya juu, lakini kwa dizeli sioni sababu ya kushuka chini yake.

Ya pili ni ya kisu, yaani bamba la chuma la kuinua na kushusha kwa mkono, inayofungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri. Kwa gari dogo la petroli inatosha, tena unaona kwa macho kwamba umeme umekatika. Chagua ya shaba nzito, ambayo kisu chake kinabana.

Ya ufunguo mwekundu naiweka ya tatu, kwani zilizo nyingi madukani ni nyepesi na ufunguo hupotea. Ya mwisho ni ile ya kifundo cha kijani cha kukaza kwa mkono, ambayo hulegea kwa mtikisiko wa barabara mbovu. Isiyo na namba yoyote isinunuliwe.

Swichi ifungwe upande wa hasi wa betri, ili spana ikigusa bodi wakati wa kazi isilete shoti. Swichi isizimwe kamwe wakati injini inanguruma, maana volti za alteneta hupanda ghafla na kuunguza diodi zake (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) au kompyuta. Magari ya mashindano hutumia swichi maalumu inayozima na injini pia.

Baada ya kufunga, mwambie fundi aweke mita kwenye ncha mbili za swichi wakati stata inazunguka. Ikisoma volti 0.2 kwenye ampea 200, wati 40 zinageuka joto ndani yake, na swichi hiyo irudishwe dukani.