Kasino laivu kwa macho ya aliyewahi kugawa karata

Nilisimama nyuma ya meza ya blakijeki miaka sita, kwenye kasino moja hapa Dar es Salaam. Sare yetu haikuwa na mifuko. Ukitaka kujikuna pua, kwanza unaonyesha viganja juu na chini mbele ya kamera, ndipo unajikuna. Ukipokewa meza, hivyohivyo: unapiga kofi jepesi, unageuza mikono, unaondoka. Kwa hiyo mwaka jana binamu yangu aliponipa simu yake nione kasino laivu anayochezea, ile ya meza halisi inayorushwa kwa video, sikuangalia gurudumu wala yule dada wa gauni jekundu. Niliangalia mikono yake. Zamu ilipoisha akaigeuza, kiganja kisha mgongo wa kiganja. Nikacheka peke yangu. Huyu mwenzetu, kafundishwa.

Nikaingia na mimi. Miezi mitatu, Juni hadi Agosti, usiku wa Ijumaa na Jumamosi, daftari la mwanangu likiwa pembeni. Niliweka jumla ya shilingi 180,000 na kutoa 121,500. Nimeliwa 58,500. Natanguliza hesabu hiyo ili asije mtu kuniuliza siri ya kutusua, maana sina, na kwa miaka yote niliyokaa upande wa pili wa meza sikumwona mwenye nayo. Ninachoweza kueleza ni meza ipi inakula taratibu na ipi inameza.

Binamu alikuwa na wasiwasi kwamba labda ni video ya zamani inarudiwa. Hilo unaweza kulipima mwenyewe kwenye kisanduku cha ujumbe. Mimi niliandika "mambo vipi". Dila, yaani yule mwendesha meza, akajaribu kulisoma, likamshinda, akacheka na kuniuliza kwa Kiingereza maana yake nini. Evolution, kampuni yenye asili ya Sweden iliyoanzishwa 2006 na ambayo meza zake ndizo nilizokutana nazo zaidi, ina studio kubwa Riga, mji mkuu wa Latvia. Wakati wa kiangazi chao saa ya Riga ni sawa kabisa na yetu, kwa hiyo ukimwona dila wa kule anabana miayo saa tisa usiku, ujue hata kwake ni saa tisa usiku. Nawaonea huruma. Ile zamu naijua.

Kila karata inasomwa na mashine papo hapo ili matokeo yaonekane kwenye simu yako, na watu wengi wanadhani hapo ndipo wizi unapofanyika, kama karata tatu za mitaani ambako yule jamaa anacheza na macho yako huku wenzake wakijifanya wateja wanaoshinda. Kasino yenye leseni haina haja ya taabu hiyo. Kanuni za meza zinaipa faida mchana na usiku, hata dila awe malaika. Na kanuni hizo hazijafichwa. Kuna alama ndogo pembeni ya kioo, ya kuuliza au ya herufi i, ambayo binamu alikuwa hajaigusa hata siku moja. Mimi naanzia hapo kabla sijaweka hata mia.

Kwenye ruleti swali la kwanza ni sifuri ngapi. Gurudumu la Ulaya lina vyumba 37, sifuri moja. La Marekani lina 38 kwa sababu wameongeza sifuri ya pili, na malipo wameyaacha vilevile. Katika kila shilingi 1,000 unazoweka, la kwanza linakula kwa wastani shilingi 27 na la pili karibu 53. Chumba kimoja tu kimezidi, na bei imekaribia kuwa maradufu. Kuna na ruleti ya Kifaransa, ambayo ukiweka dau kwenye nyekundu au nyeusi na kigololi kikaangukia sifuri, unarudishiwa nusu. Hapo makato yanashuka hadi shilingi 13 na nusu. Ukiikuta, kaa hapo. Nilipocheza mimi ilikuwa imewekwa chini kabisa ya ukurasa, haina taa, haina muziki, na sikushangaa.

Sasa kuna jambo ambalo mtu aliyefanya kazi sakafuni mwa kasino analijua mwilini na mchezaji wa simu halijui kabisa, nalo ni kasi. Msimamizi wetu alikuwa hatusemi sana kuhusu tabasamu. Alikuwa anahesabu mizunguko. Meza ikiwa na watu wanane, kila mmoja anapanga kete zake, huyu anabishana, yule ameagiza soda, ukifikisha mizunguko 35 kwa saa umejitahidi. Kwenye ruleti laivu ya kawaida daftari langu linaonyesha kama 65 kwa saa. Nilipojaribu ile inayoitwa Speed Roulette, ambayo raundi moja ni sekunde 25, nilihesabu mizunguko 70 ndani ya nusu saa. Piga hesabu kwa dau la shilingi 1,000 kila mzunguko, gurudumu lilelile la sifuri moja: sakafuni ungeliwa wastani wa 945 kwa saa, laivu ya kawaida 1,755, ya kasi 3,780. Asilimia ni ileile mbili nukta saba, ila mfuko hauchomwi na asilimia peke yake.

Ndiyo maana siku hizi natafuta meza yenye dila anayeongea. Anayesoma majina, anayeuliza hali ya hewa ya huko kwenu, anayechelewa kusukuma kigololi. Binamu anasema huyo anachosha.

Blakijeki, mchezo wa kumshinda dila kwa kukaribia 21 bila kuipita, ndiyo nyumbani kwangu, kwa hiyo mnivumilie. Jambo la kuangalia limeandikwa kwenye kitambaa chenyewe cha meza: blakijeki inalipa 3 kwa 2 au 6 kwa 5? Ree na kumi zikija pamoja kwenye dau la 10,000, meza ya kwanza inakupa 15,000 juu ya dau lako na ya pili 12,000. Mkono huo huja karibu mara moja katika kila mikono 21, hivyo zile 3,000 zinazopunjwa ni kama kukatwa shilingi 140 na zaidi kila unapogawiwa, ushinde ushindwe. Meza ya 6 kwa 5 mimi siigusi hata kama dau la chini ni dogo.

Nyingi za meza za viti saba nilizokuta zilikuwa za 10,000 kwenda juu, ambayo si hela ya Ijumaa yangu. Nikahamia Infinite Blackjack, ambako hakuna kuishiwa viti: karata mbili za mwanzo ni za wote, halafu kila mtu anaamua kivyake aongeze au abaki. Dau la chini nililopewa lilikuwa 1,000. Ukifuata ile jedwali ya maamuzi ambayo kila dila anaijua kwa moyo, makato ni kama nusu shilingi kwa mia. Hakuna ruleti inayofika huko. Ila hapohapo pembeni wameweka visanduku vya madau ya ziada, vya jozi, vya karata tatu zinazofanana na kadhalika, na hivyo ndivyo vinavyolipa umeme wa studio. Hata bima, lile dau la pembeni kwamba dila ana blakijeki, akionyesha ree, iache. Nimeuza bima miaka sita na najua ilikuwa inaenda wapi.

Wanaouliza kuhusu kuhesabu karata, yaani kukumbuka zilizotoka ili kukisia zilizobaki: wanachanganya pakiti nane, na kile kipande cha plastiki cha kukatia kinawekwa karibu na katikati, kwa hiyo nusu ya karata hutaziona kabisa. Usijisumbue.

Bakara, ambako unabashiri upande upi utashinda, Mchezaji au Benki, sina mengi. Weka kwa Benki, makato kama shilingi 1 kwa mia hata baada ya kamisheni ya asilimia 5. Dau la Sare, yaani pande zote mbili kufungana, linalipa 8 kwa 1 na linakula zaidi ya 14 katika kila 100. Yale madaftari ya rangi nyekundu na bluu yanayoonyesha matokeo yaliyopita ni mapambo.

Halafu zipo zile za maonyesho, ambazo binamu anazipenda. Lightning Roulette ya 2018 haikunitisha nilipoisoma vizuri: namba moja inalipa 29 kwa 1 badala ya 35, na kile kilichopunguzwa ndicho kinachorudi kwa radi, yaani malipo makubwa ya mara 50 hadi mara 500, zinazoangukia namba chache kila raundi. Kwa hesabu ya muda mrefu ni karibu sawa na ruleti ya kawaida, ila kwa usiku mmoja unaweza kukaa masaa mawili bila kupigwa na radi yoyote, na salio linashuka haraka kuliko ulivyozoea. Crazy Time ni lile gurudumu kubwa la rangi lenye sehemu 54, na sehemu yenye jina la mchezo wenyewe ni moja tu. Hata dau lake bora, la namba 1, linakula karibu shilingi 4 kwa mia. Watangazaji wake ni hodari, nakiri. Nilitazama saa nzima bila kuweka dau, kama mtu anavyotazama harusi ya jirani.

Sasa kuhusu hela yenyewe. Kabla ya meza yoyote niliangalia chini ya ukurasa kama kuna leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, nikahakikisha jina hilo kwa Bodi. Kisha nikaweka 5,000, nikacheza kidogo, nikatoa 3,000. Nilitaka kuona njia ya kurudi tu. Kampuni ya kwanza, ambayo siitaji, ilinishikilia siku nne. Waliomba picha ya kitambulisho, wakaomba tena, mwisho wakasema jina la akaunti halifanani na la laini ya simu. Kweli, ile laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mke wangu. Kosa langu, lakini wakati wa kupokea 5,000 hawakuona tofauti yoyote ya majina. Kwenye kampuni ya pili niliweka laini yenye jina langu, na hela ilirudi M-Pesa kabla chai haijapoa.

Ile ya kwanza pia ilinipa bonasi ya 20,000. Sharti: uicheze mara 30, yaani madau ya 600,000. Mstari wa chini zaidi ukasema michezo laivu inahesabiwa asilimia 10 tu, na blakijeki haihesabiwi. Kwa hiyo mtu wa ruleti laivu anatakiwa kuweka madau ya milioni 6, na kwa shilingi 27 za kila elfu, kuliwa wastani wa 162,000 ili aipate zawadi ya elfu 20. Nikaikataa. Kuna kitufe cha kuikataa, wamekipaka rangi ya kijivu.

Na intaneti. Bando la GB 1 halikunifikisha saa moja na nusu kwenye picha ya ubora wa juu. Nikishusha ubora linavumilia. Kibaya zaidi ni mtandao kukatika katikati ya mkono. Usiku mmoja nilikuwa na 11, dila anaonyesha 6, hapo hata aliyelala anajua unaongeza dau maradufu. Kioo kikaganda. Kiliporudi, kanuni ilikuwa imeshafanya kazi yake: usipojibu kwa muda, mkono unabaki ulivyo. Nimebaki na 11! Dila akavuta mpaka 19. Nilikwenda kusoma kanuni nikakuta imeandikwa waziwazi, tena kwa herufi nzuri. Tangu hapo sichezi blakijeki nikiwa kwenye daladala wala mvua ikinyesha.

Kwa sasa nimebakiza meza mbili kwenye orodha yangu ya vipenzi, ile ya Kifaransa na ile Infinite, na kikomo cha kuweka shilingi 10,000 kwa wiki ambacho nimekiweka mwenyewe kwenye mipangilio ya akaunti. Kukishusha ni papo hapo. Kukipandisha wananisubirisha siku nzima, na mara mbili siku hiyo moja imetosha nikasahau nilichokuwa nataka. Binamu bado yuko kwenye gurudumu la rangi. Juzi kanitumia picha ya ushindi wa 86,000 na alama za moto. Nimempongeza, nikamwuliza wiki hiyo aliweka ngapi. Ujumbe una tiki mbili za bluu.