Miaka miwili na watoto kwenye bustani ya umma wanamolala watu: uzoefu wangu

Naandika haya kwa mzazi aliyefika langoni akiwa amemshika mtoto mkono, akaona watu wamelala chini ya miti, akasita. Mimi nilisita hivyo hivyo miaka miwili iliyopita. Nina binti wa miaka saba na mvulana wa miaka minne, nyumbani hatuna hata pa kurukia kamba, na bustani hii ya jiji ndiyo uwanja wao. Tunakwenda siku tatu au nne kwa wiki. Naipa nyota tatu kati ya tano. Usidhani mbili nilizozizuia ni kwa sababu ya wanaolala pale.

Mazuri kwanza. Miti ni mikubwa, kivuli kipo mchana kutwa. Bembea ni nne na zote nzima. Njia ni pana, kiti cha magurudumu kinapita bila kubebwa. Nyasi hukatwa. Mfagiaji wa alfajiri anaipenda kazi yake, na nitamrudia.

Wanaolala pale nimewahi kuwahesabu kumi na wawili, nimewahi kuwahesabu wanne. Ukifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi utawakuta wanaamka. Alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa akikunja blanketi lake kona kwa kona, polepole, akililaza magotini na kulisawazisha kwa kiganja. Kisha alilifunga kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli na kulipachika kwenye panda ya mti wa karibu na lango. Mfagiaji alijua ni la nani. Alifagia chini yake na kupita. Ilipofika saa mbili, watoto walipoanza kujaa, mzee alikuwa ameshakwenda kutafuta kibarua, na mgeni hangeweza kujua kama kuna mtu alilala pale.

Wengine hawaendi popote. Kuna kijana anayezunguka akisema peke yake, na siku nyingine sauti inapanda hadi watoto wanaacha kucheza. Mara ya kwanza nilimbeba mdogo, nikamvuta mkubwa, tukakimbilia lango la nyuma huku moyo ukinidunda. Mfagiaji alinikuta nje nimesimama. Akaniambia, "Mama, huyo hana neno na mtu. Akianza, mpishe, usimkazie macho, atanyamaza." Nimefanya hivyo tangu siku ile na imekuwa kweli. Lakini sitaki kumdanganya mzazi mwenzangu. Mara mbili niliondoka kwa sababu ya walevi waliokuwa wakipigana, na mara moja mtu alitufuata hatua nyingi akidai pesa, nikaogopa sana. Hofu ile haikuwa ujinga. Ukihisi mambo hayako sawa, ondoka, hakuna atakayekulaumu.

Tukio lililonitikisa kuliko yote halikuwa na mtu. Ilikuwa jioni, mdogo anachimba kwenye mchanga kando ya mtelezo, akaja kwangu amefumba kiganja. "Mama, nimepata kalamu." Nilimfungua kidole kimoja kimoja. Lilikuwa bomba la sindano, sindano bado ipo, kifuniko hakipo. Nililichukua, nikaliweka mbali naye, nikaanza kumkagua mkono mzima. Sikuona tundu wala damu. Bado nilimwosha kwa sabuni pale bombani hadi akalia, kisha tukaenda hospitali usiku ule ule.

Aliyotueleza daktari nayaandika yote, kwa sababu kila anayeleta mtoto kwenye mchanga wa umma anapaswa kuyajua. Mtoto akichomwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usilinyonye, usiliminye. Nenda hospitali mara moja, usingoje kesho. Uwezekano wa kupata virusi vya UKIMWI kwa sindano iliyotupwa ni mdogo sana, lakini daktari akiona zinahitajika, dawa za kuzuia zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72. Kirusi cha homa ya ini aina ya B ndicho kigumu kufa. Kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 kikiwa bado kinaambukiza, kwa hiyo chukua kadi ya chanjo ya mtoto, ataitazama pamoja na ile ya pepopunda. Sindano yenyewe usiishike kwa mkono mtupu kama nilivyofanya mimi. Tafuta chombo kigumu chenye kifuniko, kiweke chini kando yake, uisukumie ndani kwa kijiti. Na mfundishe mtoto neno moja: akiiona asiiguse, asimame palepale, aite. Wangu sasa anaita hadi kwa mirija ya plastiki, na nashukuru.

Nilirudi kwa mfagiaji nikiwa na hasira. Nilitaka anitajie mtu. Akanionyesha mahali.

Choo cha bustani hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ni jengo zuri, lina maji, kufuli kubwa mlangoni. Kuanzia saa hiyo hadi kesho yake hakuna pa kujisaidia. Kichaka pekee chenye kujificha ni kile kilichopandwa nyuma ya mtelezo. Kinyesi kinachowaudhi wazazi wote wakifika asubuhi kinatoka hapo, na sindano pia, kwa kuwa anayejidunga anatafuta giza na mahali asipoonekana. Sijui kama ni mmoja wa wanaolala pale au mtu anayepita na kwenda kulala kitandani kwake. Mfagiaji ameomba kisanduku cha kutupia sindano kiwekwe ukutani kwenye choo. Ameomba kwa mdomo, ameomba kwa barua. Hakijawekwa. Nyota ya kwanza niliyozuia ni hiyo.

Ya pili ni ya mabenchi. Yalikuwa marefu, yamepangwa karibu na lango, chini ya taa. Mwaka jana wahusika walikuja kuchomelea vyuma katikati ya kila benchi, mtu asiweze kujinyoosha. Niliunga mkono, naungama. Niliona angalau tutapata pa kukaa. Kilichotokea ni kwamba waliokuwa wakilala langoni, mwangani, mbele ya macho ya kila anayepita, walihamia chini, kule kwenye kichaka nyuma ya mtelezo. Walisogezwa kutoka mbali na watoto wakaletwa karibu na watoto. Mama yangu, mwenye goti bovu, naye hawezi tena kuegemea na kunyoosha mguu, kwa hiyo hatusindikizi siku hizi. Hakuna hata mmoja aliyepata nyumba kwa sababu ya kile chuma.

Wapo waliokwisha kuona kwamba umbo la bustani lina mchango wake. Bryant Park, katikati ya New York, miaka ya 1970 ilikuwa ya wauza dawa za kulevya, watu wengine wakiikwepa. William H. Whyte, aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutazama jinsi watu wanavyotumia maeneo ya wazi ya mjini, alieleza kwamba ilikuwa imejificha: imeinuliwa juu ya barabara, imezibwa na uzio na mimea, aliye nje haoni ndani. Ilifungwa 1988, ikafunguliwa upya 1992. Mimea iliyoziba iliondolewa, njia za kuingilia zikapanuliwa, vikaletwa viti vyepesi ambavyo kila mtu anavuta anapotaka, na choo kikakarabatiwa. Sisi tuna kichaka kimoja tu cha kukata na taa mbili zilizokufa.

Asubuhi ninayoikumbuka zaidi ni ya siku ya shule, nilipopita mapema na binti yangu kabla ya masomo. Kwenye mnyororo wa bembea ya mwisho palikuwa na shati jeupe la shule limeanikwa, dogo, kola imesuguliwa hadi imechanika kidogo. Bombani mama mmoja anamwosha mtoto wa umri wa wangu, anamkinga upepo kwa kanga. Alipotuona alikuja mbio, akalitwaa shati likiwa bado linadondosha maji. "Samahani dada, nilidhani hamjaamka. Mwachie mtoto akae." Binti yangu akasema ataka ile nyingine. Nikamwomba dada yule alirudishe, akakataa. Akalikung'uta, akamvalisha mtoto likiwa bichi vile vile, akamfunga vifungo hadi juu. Tuliongea kidogo. Alikuwa na chumba, mwenye nyumba akapandisha kodi, na sasa wako hapo na watoto wawili. Usiku halali. Anakaa ameegemea ukuta wa choo, kwa sababu taa iliyobaki iko pale, mpaka akisikia ufagio alfajiri. Ndipo anafumba macho.

Nilikuwa nimeyatumia maneno "usalama wa familia" kwenye malalamiko yangu yote bila kufikiri kwamba familia iliyo hatarini zaidi pale haina pa kurudi saa kumi na mbili jioni. Nilichokuwa naomba mimi, taa, choo, kichaka kikatwe, ndicho hicho hicho alichokuwa anakihitaji yeye, tena kabla yangu.

Kisha likaja lori. Alfajiri moja walinzi waliwaamsha wote na kupakia kila kilichokuwa chini: maboksi, maturubai, begi la shule, dawa za mzee za presha. Hata blanketi juu ya mti lilishushwa. Wazazi wengine walipiga makofi na siwasemi vibaya, walikuwa wamechoka kama mimi. Siku tano bustani ilikuwa tupu. Siku ya sita watu walirudi, lakini hawakuwa wale. Mzee hakurudi, wala yule dada. Waliokuja hatuwajui, hawatujui, na mfagiaji hana jina la kumwita hata mmoja wao. Wiki mbili zilizofuata ndizo pekee ambazo niliacha kabisa kuwapeleka watoto.

Mambo haya yanabishaniwa hata kwenye mahakama kubwa. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, iliamua kwa majaji sita dhidi ya watatu kwamba miji inaweza kumtoza faini anayelala kwenye ardhi ya umma, na kwamba katiba yao haikatazi. Ubishi wenyewe ulitokana na bustani kama hii yetu. Uingereza ilikuwa imekwisha kulifanya kulala nje kuwa kosa kwa sheria ya 1824. Niliposoma nilimwaza mzee na blanketi lake: akishalipa faini, usiku huo analala wapi? Ufini walishika njia nyingine kuanzia 2008. Mtu anapewa kwanza nyumba yenye mkataba, bila kudaiwa kwanza aache pombe au apate kazi, kisha msaada unamfuata humo. Mabweni yao ya dharura mengi yaligeuzwa kuwa nyumba, na idadi ya waliokuwa hawana makazi kwa miaka mingi ikashuka sana. Hilo haliko mikononi mwa mfagiaji wala mwangu. Lakini kufuli la choo liko mikononi mwa mtu fulani.

Ukiamua kuja, njoo kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Ingia lango la mbele. Bembea mbili za upande wa barabara ndizo zinazoonekana kutoka kila pembe. Pekua mchanga kwa kijiti kabla mtoto hajaingia. Vaeni viatu vilivyofunika vidole. Mwonyeshe mtoto mfagiaji na mlinzi, ajue wa kumwendea mkipotezana. Wasalimie unaowakuta. Wangu mkubwa aliwahi kuuliza kwa sauti kwa nini yule babu hana nyumba, na mzee akasikia. Sikumnyamazisha. Nilimwambia nyumba ni ghali, si kila mtu anaweza kuilipia. Kesho yake akamwamkia mwenyewe, "Shikamoo babu," na mzee akaacha kukunja blanketi ili aitikie.

Barua yangu ya tatu kuhusu choo na taa nimeipeleka wiki iliyopita, safari hii tumesaini wazazi kumi na mmoja. Tumepewa muhuri wa kupokelewa, jibu bado. Siku choo kitakapofunguliwa usiku nitarudi hapa kubadilisha nyota.