Tawa la elfu hamsini na tano, linazunguka kama pia

Mi sio mtu wa kuandika maoni ya vitu nilivyonunua, kikiharibika nanung'unika jikoni kwangu yanaisha, ila hili tawa, chombo bapa cha kuchomea chapati, jamani limenifika hapa. Na wala sio tawa peke yake, tawa ningelisamehe, ni yule kijana wa dukani na mdomo wake.

Ngoja nianze na nilifikaje huko. Baba watoto sukari ilikuwa inapanda, daktari akamwambia apunguze ngano nyeupe, na huyu ni mtu ambaye bila chapati tatu za kusukuma na chai asubuhi hatoki mlangoni. Nikahangaika, mara viazi vitamu, mara mihogo ya kuchemsha, ananuna kama mtoto. Sasa ghorofa ya juu yetu anakaa anti mmoja Mhindi, sio hawa Wahindi wetu wa Kigujarati tuliokua nao hapa Dar, yeye katokea Vijayawada kule Andhra Pradesh, mumewe kaja kikazi. Siku hiyo kashuka na sahani imefunikwa foili, nafunua naona kitu kama chapati ya maji ila ya kijani, nyembamba, pembeni imekauka inavunjika kama papadi. Kumbe choroko! Anaiita pesarattu, kwa Kitelugu pesara ni choroko na attu ndo hiyo chapati yenyewe. Kwao ni chakula cha asubuhi toka zamani, oti kaongeza mwenyewe kwa ajili ya mumewe, naye ana sukari. Ya kwanza nilikula nimesimama mlangoni, ya pili hata sikumbuki ilipitaje.

Kupika kwenyewe sio kazi, na ndo maana inaniuma. Vikombe viwili vya choroko hizi hizi za kijani, nzima na maganda yake, unaloweka usiku. Asubuhi unamwaga maji unasaga kwenye blenda na tangawizi kipande cha kidole, pilipili mbichi mbili, bizari nyembamba kijiko cha chai, chumvi. Oti nusu kikombe, hiyo unasaga kavu mpaka iwe unga, unakuja kuichanganya kama dakika kumi kabla hujaanza kupika. Mi mara ya kwanza nilijifanya mjanja nikailoweka oti usiku kucha pamoja na choroko, asubuhi nikakuta mlenda, nikiinua mwiko unavutika kama bamia. Usifanye hivyo. Na kadiri unavyokaa huo uji unazidi kuwa mzito maana oti inakunywa maji, kwa hiyo unaongeza maji kidogo kidogo. Hausubiri uchachuke kama dosa ya mchele, ile chapati nyembamba ya Kihindi, wala kama chila zetu za Tanga, ukishasaga unapika.

Shida ni tawa. Anti alinisisitiza, anasema hii kitu inataka chombo kilichonyooka, unamwaga upawa mmoja katikati halafu kwa mgongo wa upawa unazungusha taratibu kutoka kati kwenda nje. Flampeni yangu ilishabanduka. Basi nikaenda Kariakoo duka moja la vyombo, silitaji, na kijana akanipokea vizuri sana, dada mrembo karibu, dada mrembo hili ndo lenyewe, halishiki kitu, unapika bila mafuta, akalipitishia kiganja kama anapapasa shavu la mtoto. Elfu hamsini na tano. Nikapunguziwa mfuko wa kubebea, maana alitaka kuuhesabu nao.

Siku ya kwanza nikawasha gesi, tawa likapata moto, nikanyunyiza maji yakalia chwaa, nikamwaga upawa katikati. Uji ukaondoka. Yaani sijauzungusha, umeondoka wenyewe, unateremka pande zote kama mvua kwenye bati, pembeni kote umejikusanya unene wa kidole na katikati pamebaki utando unaoona chuma. Nikajua nimeufanya mwepesi. Nikaongeza oti. Wa pili ukaondoka polepole zaidi lakini ukaondoka. Katikati panaungua pananuka, pembeni ni mbichi, ukigeuza inakatika inabaki pete. Nimepika pete sita asubuhi ile! Baba watoto anakula pete anauliza kwa upole, ndo inavyoliwa hivi? Niliingia chumbani.

Baadaye naosha, nimeliweka tawa mezani, mtoto akaligusa, likazunguka. Akaligusa tena kwa nguvu likazunguka raundi tatu nne kama pia, watoto wanacheka. Nikalala kichwa mezani kuangalia chini yake, kumbe lina tumbo! Katikati pamevimba kwenda juu upande wa kupikia, na chini kuna kinundu limekalia, yaani tawa zima ni kilima.

Basi nikarudi dukani. Na hapa ndo mambo yenyewe. Yule yule kijana, ila siku hiyo sikuwa tena dada mrembo, nimeshakuwa maza. Nikaliweka juu ya kaunta ya kioo nikalizungusha mbele yake, likazunguka vizuri kabisa, hata mteja mwingine akacheka. Anasema maza hiyo ndo teknolojia yake, mafuta yashuke pembeni chakula kisiwe na mafuta. Nikamuuliza na uji je, nao ushuke? Ananiuliza unapikia nini kwani? Nikamwambia dosa za choroko na oti. Akageuka kwa mwenzake akacheka, akasema, "Kwani maza we Mhindi? Si upike tu ugali."

Mbele za watu.

Nilikosa la kusema, nakwambia nilikuja kulipata la kusema nikiwa kwenye daladala nimeshafika Magomeni, kama kawaida yangu. Ningemwambia hivi, we mtoto, asubuhi umekula nini? Chapati na bajia pale kona, naona mafuta mdomoni. Ni za babu yako wa wapi hizo? Biriani unayokula kwenye harusi je? Hiyo laki unayohesabu jioni ukifunga duka, neno laki umeliokota wapi kama sio kwa Wahindi? Na dengu na choroko na mbaazi sio za Wahindi peke yao, zinalimwa hapa hapa, mjomba wangu Masasi analima mbaazi, mwaka 2017 India ilipobana mbaazi za nje zisiingie bei huku ilianguka mpaka akabaki na magunia ndani yanaliwa na wadudu, hakuna aliyemuuliza siku hiyo kama yeye ni Mhindi. Eti si upike ugali. Ugali napika, tena mzuri, ila nani kakuomba menyu?

Hela hawakurudisha. Wamesema limeshatumika, na kwamba nimelimwagia maji ya baridi likiwa la moto ndo maana limepinda.

Na hapa niwe mkweli, hilo la maji limenikosesha usingizi kidogo. Maana kweli nilinyunyiza. Anti naye ananyunyiza, ila lake ni la chuma kizito na hili ni alumini nyepesi imepakwa dawa juu. Nilimuuliza, akasema haya yaliyopakwa dawa usiyachome moto mkali halafu ukamwagie maji, yanaweza kupinda kweli. Kwa hiyo inawezekana nami nina mkono wangu humo. Lakini matone yale! Ni matone ya vidole, sio ndoo. Chombo cha elfu hamsini na tano kinapindishwa na matone? Na kwa nini hakusema siku ananipapasia tawa?

Nilikuwa nimeshakata tamaa ndo mama akanikumbusha lile tawa la chuma la bibi, lilikuwa Tanga chini ya kitanda limeliwa kutu, alikuwa akilichomea chapati enzi hizo. Akalipa basi likaja. Nikalisugua na steelwaya na mchanga, nikalikausha kwenye moto, nikalipaka mafuta kiduchu nikaliacha litoe moshi, nikapaka tena, mara nne hivi. Halafu ujanja wa anti, kitunguu nusu unakichoma uma, unachovya kwenye mafuta, unafuta tawa kila kabla ya kumwaga. Ya kwanza ilishika, ya pili ilishika kidogo. Ya tatu nimezungusha upawa, nimetupia vitunguu vilivyokatwa katwa na kotmiri, nimedondosha mafuta pembeni, nikasubiri. Jamani ukingo ukajiinua wenyewe! Haujaguswa! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Na chatne ya tangawizi, ukwaju na sukari guru kidogo, baba watoto alikula nne, nikamkumbusha sukari guru nayo ni sukari, akasema nimemsikia huku anachovya.

Kwa hiyo pishi lenyewe nyota tano, lifanyeni, dengu hata ukikosa choroko zinafaa. Tawa nililipa nyota moja. Halafu wiki iliyopita nikakaangia yai, yai likakaa pembeni vizuri halikushika hata kidogo, nikaona nisiwe na roho mbaya, nikalipandisha mbili. Nilipokuwa naandika hapa juu nimefika pale kwenye ugali, damu ikachemka upya, nimelirudisha moja. Na hiyo moja ni ya yai.

Sa hivi nalifunikia bakuli la choroko zinapolala majini, na hata hapo paka akipita akaligusa linazunguka.