Kinu cha dizeli cha Likoni: huduma yake, bei yake na ruzuku isiyofika kwenye gorogoro

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikisagisha mahindi katika kinu kimoja kidogo huku Likoni, Mombasa, nami nakipa nyota nne kati ya tano. Msagaji hubadilisha chujio bila kununa ukimwomba unga laini zaidi, na hukukumbusha kuutandaza kwenye ungo kabla ya kuufunga, maana hutoka ukiwa moto na ukifungwa hivyo hufanya madonge. Ukikobolesha, ulizia pumba zako. Usipouliza hubaki kwake, naye huwauzia wafuga kuku. Nyota ya tano imepotelea hapo.

Bei ndiyo inayohitaji maelezo. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, Serikali ya Kenya ilishusha bei ya pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi kutoka shilingi 205 hadi 100 kwa kuwafidia wasagaji wakubwa. Nilibahatika kupata pakiti mbili dukani. Kesho yake rafu ilikuwa tupu. Sisi tunaonunua mahindi kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia nafaka, na kuyapeleka kinuni ruzuku hiyo haikutugusa, kwa hiyo Rais Ruto aliposema siku ya kuapishwa kwake, tarehe 13 Septemba, kwamba ilimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila manufaa, sikuwa na la kumpinga.

Dizeli ni habari nyingine. Siku moja baada ya Ruto kuapishwa, ruzuku ya dizeli ilitangazwa kupunguzwa, na lita moja jijini Nairobi ikapanda kutoka shilingi 140 hadi 165. Mwaka mmoja baadaye ikafika 200.99. Wengi hudhani mafuta ni shida ya wenye magari, ilhali injini ya kinu hiki hunywa dizeli, na mama asiyewahi kumiliki hata baiskeli aliilipia kwenye sima yake. Kusaga gorogoro moja kulitoka shilingi 10 hadi 15 kwa mkupuo, kwa sababu hakuna mwenye chenji ya shilingi mbili tatu. Dizeli iliposhuka chini ya 180 mwaka 2024, bei ya kusaga haikutikisika. Nilipomuuliza msagaji, alinionyesha mkanda mpya wa mashine, akasema huo nao haujashuka.

Foleni ni fupi kabla ya saa mbili asubuhi. Mahindi yawe yamekauka vizuri, la sivyo atayakataa, na hapo ana haki.