Kukata titi lote au kutoa uvimbe tu?

Majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yakishaonyesha saratani ya titi, wengi huamua kwa hofu: "Kateni lote, niishi." Naielewa sana hofu hiyo. Lakini kwa uvimbe mdogo uliowahiwa, utafiti wa Bernard Fisher na wenzake wa Marekani, waliowafuatilia wagonjwa miaka 20 na kuchapisha matokeo mwaka 2002, ulionyesha kwamba waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi waliishi sawa na waliokatwa titi lote.

Tofauti iko kwingine. Kutoa uvimbe huacha titi na kidonda hupona mapema, ila mionzi inakuwa lazima: kwa kawaida wiki 3 hadi 5, siku 5 kwa wiki. Anayetoka mbali, kama Tunduru, kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ahesabu nauli, pa kulala, na nani atabaki na watoto. Tena saratani inaweza kurudi kwenye titi lile lile, hivyo kipimo cha kila mwaka hakikwepeki.

Kukata lote mara nyingi humwepusha mtu na mionzi, japo si kila mara, hasa tezi za kwapani zikishaguswa na saratani. Kifua hubaki bapa upande mmoja. Wapo wanaokunja kitambaa kwenye sidiria kila asubuhi kabla ya kutoka.

Aliyewahi kupigwa mionzi kifuani mara nyingi hushauriwa kukata lote. Mwenye ndugu wa kumpokea mjini, na anayelitaka titi lake, amuulize daktari: "Kwangu mimi, yote mawili yanawezekana?" Aende na mtu wa kuandika majibu.