Tahadhari kwa wakusanyaji: koti la kweli, askari wa kubandikwa

Ndugu zangu wakusanyaji wa vifaa vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hasa ninyi mlioko Kentucky na Indiana, ninaandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayezunguka katika masoko ya mtandaoni na kwenye meza za maonyesho akiuza makoti, kofia na vibati vya utambulisho vya shingoni anavyodai vilivaliwa na askari wa vifaru wa Marekani. Mimi mwenyewe nilimlipa dola 1,650 mwezi Februari, na nilichopokea hakifikii hata nusu ya thamani hiyo. Jina lake silitaji kwa kuwa malalamiko yangu bado yanashughulikiwa na wakaguzi wa posta. Isitoshe, jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja, lakini namna yake ya kutega ni ile ile, na ndiyo nitakayoieleza.

Kwa sisi tunaoishi Louisville, mapenzi ya vifaru hayakutoka mbali, kwani Fort Knox, ambako makao ya kikosi cha vifaru cha Marekani yalianzishwa Julai 1940, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Na kwa sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo, hakuna kikosi kinachovuta moyo kama Batalioni ya Vifaru ya 761, ambayo askari wake walikuwa Wamarekani weusi. Iliingia vitani mashariki mwa Ufaransa mwezi Novemba 1944 chini ya Jeshi la Tatu la Jenerali Patton, ikapigana siku 183, lakini tuzo ya rais kwa kikosi kizima ikachelewa hadi mwaka 1978. Sajini Ruben Rivers, aliyeuawa mwezi huo huo wa kwanza wa mapigano baada ya kukataa kuondolewa mstari wa mbele akiwa amejeruhiwa, alipewa Medali ya Heshima mwaka 1997. (Medali hiyo hairuhusiwi kuuzwa kwa sheria ya Marekani, kwa hiyo anayewaletea moja mezani ameshajieleza mwenyewe.)

Batalioni moja ni askari mia kadhaa tu, ilhali makoti ya askari wa vifaru yalishonwa kwa wingi mno na kuvaliwa hata na watu ambao hawakuwahi kuingia ndani ya kifaru. Hapo ndipo penye faida ya mjanja. Koti lisilo na mwenyewe lina bei yake ya kawaida, lakini koti hilo hilo likipewa jina la askari, namba yake na kikosi kinachotafutwa, bei hupanda mara tatu au zaidi. Muuzaji huyu hatengenezi makoti bandia. Ananunua makoti halisi, kisha anayatafutia askari.

Aliponionyesha koti lile kwa mara ya kwanza, halikuwa na habari yoyote ya Batalioni ya 761. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, tukazungumza kidogo kuhusu historia ya askari weusi, na siku mbili baadaye akanipigia simu kusema kwamba katika sanduku la familia iliyomuuzia koti vimeonekana vibati viwili na picha moja. Leo nikikumbuka mazungumzo yale naona aibu, kwa sababu hadithi yote niliyouziwa nilikuwa nimempa mimi mwenyewe.

Koti lilipofika nililifurahia kwa juma zima. Kitambaa cha nje ni cha pamba, bitana ni ya sufu, kola na ncha za mikono zimefumwa, zipu ni ya kampuni ya Talon, na lebo ndani ya kola imechakaa inavyostahili. Vyote hivyo ni halisi hadi sasa, na ndiyo maana mtu mzoefu anaweza kudanganyika haraka kuliko anayeanza: jicho likisharidhika na zipu, halitazami tena nembo.

Nembo ya begani ni ile pembetatu ya manjano, buluu na nyekundu, rangi za wapanda farasi, askari wa miguu na wapiga mizinga, yenye mnyororo wa kifaru, mzinga na radi nyekundu katikati, na juu yake namba 761. Mjue kwamba wakati wa vita hivyo Marekani iliunda divisheni 16 za vifaru, yaani ya 1 hadi ya 14, ya 16 na ya 20, na nembo za divisheni hizo hupatikana bila shida kubwa. Lakini pembetatu zenye namba za batalioni zinazojitegemea, kama ile ya 761, zimetarizwa kwa wingi baada ya vita, nyingine kwa ajili ya wakusanyaji tu. Nilizima taa chumbani nikaimulika kwa taa ya urujuanimno. Kitambaa cha koti kilibaki cheusi, nembo yenyewe ikabaki nyeusi, lakini uzi ulioishonea nembo kwenye koti uling'aa kama taa ya baiskeli. Dawa zinazong'arisha nyuzi namna hiyo zilienea baada ya vita. Sabuni za siku hizi nazo huweza kung'arisha nguo ya zamani iliyofuliwa, na uzi usiong'aa hauthibitishi lolote kwa kuwa waghushi wanajua kutafuta pamba ya zamani. Ila koti zima likiwa giza na mshono wa nembo peke yake ukawaka, sabuni haiwezi kulaumiwa. Nilifumua kona moja. Chini ya pembetatu kulikuwa na kivuli cha nembo nyingine, ya mviringo, na matundu ya sindano yaliyoizunguka.

Vibati vilinichukua muda zaidi. Jeshi la Marekani liliandika jina la jamaa wa karibu na anwani yake kwenye vibati hadi Julai 1943, kisha likaacha kuandika jina hilo na anwani. Vibati vyangu vina jina la mama na mtaa anaoishi, na kwenye mstari wa pili vina chanjo ya pepopunda ya mwaka 1944, herufi zote zikiwa zimegongwa kwa kina kimoja na mpangilio mmoja. Kibati cha mtindo uliokwisha kufutwa kinajuaje chanjo ya mwaka unaofuata? Kisha namba ya askari: inaanza na 36, ambayo ilitolewa kwa walioandikishwa kwa lazima katika majimbo ya Illinois, Michigan na Wisconsin, wakati kijana huyu, kwa maelezo ya muuzaji, aliandikishwa kwao Georgia, ambako namba zingeanza na 34. Nilipomuuliza, alijibu papo hapo kwamba kijana alikuwa amehamia Detroit, jimboni Michigan, kutafuta kazi. Jibu hilo linawezekana kabisa, maana weusi wengi wa kusini walihamia huko, nami nalitaja ili muone kwamba huyu si mjinga. Anaijua historia vizuri kuliko wengi wetu.

Jina na namba nilivikuta kweli katika kumbukumbu za uandikishaji zilizowekwa wazi na Idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, ambazo zina majina yapatayo milioni 9. Tafadhali msichukulie hilo kuwa uthibitisho kama nilivyofanya mimi. Kumbukumbu hizo humwonyesha mtu siku anayoandikishwa, hazionyeshi batalioni aliyopelekwa baadaye, na mlango uliofunguliwa kwa ajili yetu umefunguliwa pia kwa anayetafuta jina la kugonga kwenye bati. Marehemu huyo alikuwa mtu wa kweli, na jina lake pia silitaji, kwa sababu wajukuu zake hawana hatia na huenda hawajui kwamba babu yao anauzwa.

Nilipodai hati za utumishi, nilipewa jibu ambalo nadhani kila mnunuzi wake amepewa: ziliungua. Ni kweli kwamba tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika kituo cha kumbukumbu karibu na St. Louis na kuteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa jeshi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Lakini majalada binafsi si karatasi pekee zilizoandikwa na jeshi. Ripoti za asubuhi za kila kombania, zinazotaja nani ameingia, nani amehamishwa, nani amejeruhiwa, zilisalimika, na kwa kuzifuata mtu anaweza kujua kama askari fulani alipita katika kikosi fulani. Mimi nilizitafuta baada ya kulipa. Katika ripoti za batalioni nilizofanikiwa kuzisoma, jina lake halimo.

Pigo la mwisho lilitoka kwa rafiki yangu wa Evansville, mzaliwa wa Kigoma, ambaye nilimtumia picha ili anifariji. Alinyamaza siku nzima, kisha akanirudishia picha ya tangazo alilolihifadhi mwaka jana: koti hilo hilo, tundu la nondo pale pale juu ya ncha ya mkono wa kushoto, likiwa limeshonewa nembo ya Divisheni ya 3 ya Vifaru na kuuzwa kwa jina la dereva mzungu kutoka Pennsylvania.

Kuhusu malipo nitasema machache. Aliniomba nitumie njia ya kutumiana pesa baina ya marafiki na jamaa ili tuepuke makato, nami nikakubali, na kwa kukubali nikapoteza haki ya kudai fedha kupitia kampuni ya malipo. Anayelipa kwa kadi ya mkopo ana nafasi ya kupinga malipo. Anayetuma kama ndugu amebaki na ndugu.

Juzi ametangaza kofia ya askari wa vifaru, ile ya mfano wa 1938 yenye matundu ya hewa, iliyotengenezwa na kampuni ya Rawlings. Ndani imegongwa herufi moja na tarakimu nne, alama ambayo askari waliweka kwenye nguo zao kutokana na jina la ukoo na mwisho wa namba ya jeshi, na ni herufi na tarakimu zile zile zilizomo kwenye koti langu. Safari hii askari wetu amepandishwa cheo kuwa sajini na kuhamishiwa Batalioni ya Vifaru ya 784, nayo ya askari weusi. Atakayeletewa kofia hiyo aniandikie kabla ya kulipa, nimtumie picha za vibati alinganishe.