Kayaki baharini majira ya baridi: vazi la neoprini au vazi kavu?

Jua la mchana lisikudanganye ukiwa kwenye kayaki, mtumbwi mwembamba wa kasia: vaa kwa ajili ya maji, si hewa. Maji hupokonya mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 ya hewa. Ukitumbukia kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, pumzi hukukatika ghafla, na dakika ya kwanza ni ya hatari mno.

Vazi la neoprini, yaani mpira laini kama sponji unaobana mwili, huruhusu maji kidogo yaingie, kisha mwili huyapasha joto. Ni nafuu, na likichanika kidogo bado linakufaa. Lisilo na mikono huacha mabega huru kuvuta kasia. Shida huja ukishatoka majini: upepo ukikupiga umelowa, utatetemeka hadi meno yagongane.

Vazi kavu halipitishi maji. Shingoni na kwenye vifundo vya mikono lina pete za mpira zinazobana ngozi, na ndani unavaa sufu kadiri ya baridi. (Pamba iache nyumbani, ikilowa jasho haikupi joto.) Kabla ya kuondoka, funga zipu hadi mwisho, chuchumaa, kisha vuta pete ya shingoni kwa kidole ili hewa itoke, la sivyo utaelea kama puto. Bei yake inauma, na pete hizo huchakaa.

Kwangu, neoprini yatosha kwa safari fupi kando ya ufuo, baridi ikiwa ya wastani. Baridi ikikaza, au nikienda mbali, siingii baharini bila vazi kavu. Jaketi la kuokoa maisha huvaliwa juu ya lolote kati ya hayo.